Kombe Ambalo Vijana Hawaligusi

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa kibao cha mbao chenye jina langu, limeandikwa kwa mashine ya mwanga, ile ya leza. Mimi Sekela, niliyeishi kwa kuchonga herufi kwa mkono, naagwa kwa herufi za mashine! Nilicheka, nikawashukuru, nikala keki yenu, na nilipofika nyumbani nikakitazama kile kibao kwa lenzi. Herufi zimenyooka, sikatai. Ila hazina pumzi. Nimekitundika jikoni juu ya jiko, mvuke ukifundishe adabu.

Mkaniomba pia niwaandikie kitu kuhusu kazi, ninyi mnaobaki. Basi naandika. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, hayo hayana utamu hata kwangu. Nitawaeleza habari za Papa Ilunga aliyenifundisha, na za kombe moja la hoki ya barafuni, maana siku hizi nikiamka na kukuta sina pa kwenda, hao ndio wanaonijia. Nimestaafu, lakini vidole vyangu havijapata taarifa. Vinakishika kijiko cha chai kama kalamu ya chuma.

Nilianza wakati wa baridi, na koti la kuazima la wifi yangu, yeye ndiye aliyenipokea mjini Laurel, huku ng'ambo, nilipotoka Tukuyu. Kabla ya hapo nilikuwa naogesha wazee majumbani mwao, kazi ambayo karibu kila mmoja wetu huku ameipitia. Mgongo ukakataa. Wifi akasikia kanisani kwamba kuna Mkongo anatafuta mtu mwenye mkono mtulivu kwenye karakana ya makombe na medali, hiyo hiyo mnayoijua, nyuma ya duka la matairi karibu na reli. Nyumbani nilikuwa nadarizi vitambaa vya meza. Nikajisemea, chuma na kitambaa vitakuwa vinapishana nini?

Vinapishana. Papa Ilunga alinipokea mlangoni, mtu mfupi, miwani imening'inia kwenye kamba, aproni ya ngozi inafika magotini. Nikamwonyesha kitambaa nilichodarizi. Akakigeuza upande wa nyuma, ndiko alikotazama, akatikisa kichwa kwamba si kibaya. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi: "Mutu wa kitambaa akikosea, anafumua. Huku hapana kufumua, mama." Akanipa kipande cha shaba na kuniambia nichonge mistari iliyonyooka mpaka atakaponiambia niache. Nikachonga. Jioni akaja, akavaa miwani, akainama. "Hii mistari yako inalewa," akasema, akaenda zake kuvaa koti.

Nilichonga mistari majuma na majuma. Nilikuwa naiota. Nikifumba macho naona mashamba ya chai ya kwetu, safu kwa safu, na kila safu imepinda. Nilitaka kuacha, nawaambia kweli, na sikuacha kwa sababu moja tu: siku ya tatu au ya nne yule mzee alinishika mkono wa kulia, akakikunjua kiganja, akakipima kwa macho kama fundi viatu anavyopima mguu, kisha akakata mpini wa kalamu ya chuma ukaingia humo kama umeota hapo. Yeye ile kalamu aliiita burini. Hakuna mtu aliyewahi kunitengenezea kitu kinachonitosha mimi tu. Asha, wewe unayechukua burini yoyote iliyo karibu droo ikifunguliwa, tafadhali kata mpini wako. Mkono utakushukuru ukifika umri wangu.

Na mengine ni haya, niyaseme kabla sijazama kwenye habari. Ukitaka kujua kama ncha ina makali, iweke juu ya ukucha wa dole gumba bila kukandamiza. Ikiteleza, irudishe kwenye jiwe. Ikikamata, anza kazi. Kombe likae kwenye mto wa ngozi uliojaa mchanga, nawe uzungushe kombe, si mkono. Paka rangi nyeupe ya maji, chora kwa penseli, na jina lianzie herufi ya katikati likienda kushoto na kulia, lisije likakuishia ukingoni ukabaki unatafuta pa kuweka herufi ya mwisho. Mashine haina shida hiyo, najua. Lakini mashine ikiharibika Ijumaa na mteja anataka mzigo Jumamosi, mtamkumbuka Sekela.

Lile kombe lilikuja masika yangu ya kwanza, ndani ya katoni ya ndizi. Lililetwa na bwana mmoja mnene, mpole, katibu wa ligi ya vijana wa hoki. Lilikuwa kombe la shaba lililopakwa fedha, lina masikio mawili, na kwenye kitako limezungushiwa mikanda ya kuandikia majina. Katibu akatueleza kwamba ni la timu inayomaliza ya kwanza kwenye kundi lake msimu wa ligi ukiisha. Baada ya hapo unaanza mtoano, na mtoano una kombe lake kubwa, na hilo kubwa ndilo linalotafutwa. Kwa hiyo hili dogo wachezaji hawaligusi. Linawekwa juu ya meza katikati ya barafu, vijana wanalizunguka, wanapigwa picha mikono ikiwa nyuma, wanaondoka. Anayeligusa anaiharibia timu yake mtoano.

Nilidhani ananitania. Nikamtazama Papa Ilunga, naye akamtazama katibu kwa muda mrefu.

"Ah bon?" akasema. "Wazungu nao?"

Katibu akacheka, lakini niliona kwamba naye kalishika kombe kwa kitambaa.

Ninyi mmeona makombe mengine yanavyorudi kwetu. Yamebonyea, yana utando wa soda na bia, moja lilirudi na alama za meno ya mbwa. Hili lilirudi na vumbi tu. Kila mwaka vumbi, hata alama ya kidole hakuna. Nililionea huruma, jamani. Lilikuwa kama mtoto aliyevalishwa nguo ya sikukuu akaambiwa asikae popote. Fikiri vijana wamecheza majira yote ya baridi, wameamka alfajiri, wamevunjika meno, wamewashinda wote kwenye kundi lao, halafu kikombe chao wanakikwepa. Papa Ilunga akalichukua kwa mikono miwili, akalikalisha kwenye mto wa mchanga, akasema, "Bien. Kama hawalitaki, ni letu." Na likawa letu. Kila masika yeye alichonga jina la timu, mimi majina ya wachezaji.

Ikaja masika moja akaniachia jina la timu pia. Hakusema kwa nini. Alivuta kiti, akakaa kando yangu, mikono kaibana katikati ya magoti, na hapo nikajua kwamba imeanza kutetemeka na kwamba yeye alijua zamani. Nilichonga huku machozi yananisumbua, maana machozi kwenye kazi ile ni hasara, huoni mstari. Akahamia kwa binti yake, Upper Marlboro. Jumapili nilikuwa nampelekea maandazi, na swali lake lilikuwa moja: "Kombe limefika?" Nikimwambia limefika, ananiuliza mkanda wa ngapi, herufi zimekaaje, kama nimeanzia katikati. Kisha akafariki. Hadi leo mtu akisema "voilà" kama yeye sokoni mimi hugeuka. Namtamani yule mzee asimame nyuma yangu aniambie mistari inalewa.

Sasa nije kwa Mama Kibet.

Alikuja mchana mmoja wa masika, mwaka uliofuata baada ya Papa Ilunga kufariki, amevaa sare ya kazi ya kutunza wagonjwa na viatu vyeupe. Akasimama pale kaunta.

"Hodi. Ati hapa ndio mnaandikanga majina ya hoki?"

"Ndipo hapa, karibu. Umeleta kombe?"

"Sina kombe, sista. Niko na kesi."

Nikamvutia kiti. Alikuwa Mkenya wa Kericho, mjane, anafanya kazi Rockville na kuishi Laurel kama mimi. Mwanawe alikuwa mmoja, Kibet, na huyo mtoto aliingia kwenye hoki kwa sababu ya mgonjwa. Mama yake alikuwa anamtunza mzee mmoja Rockville, na wajukuu wa yule mzee walicheza hoki, wakampa Kibet viatu vya kuteleza vilivyowabana. Mtoto akavivaa, akaanguka, akainuka, basi. Tangu hapo ni alfajiri kwenye barafu na gari linalonuka lile begi la vifaa. Mama Kibet hakuielewa hoki hata kidogo, alielewa tu kwamba mwanawe akiwa pale uso wake unafunguka.

"Basi mwaka jana wakashinda kundi lao," akaniambia. "Tukaambiwa siku ya kombe tuje. Nikaja na wamama wawili wa kanisa, tumevaa leso. Sista, meza imewekwa, kombe linang'aa, na hakuna mtu analipokea! Vijana wamesimama mikono nyuma kama wako mbele ya mwalimu mkuu. Nikajua hawajafunzwa. Kwetu ukipewa kitu usinyooshe mkono, umemtukana mwenye kukupatia. Nikasema, aki hawa watoto watatuaibisha. Nikaingia."

"Ukaingia wapi? Kwenye barafu?"

"Na viatu vya kazi. Wale wamama wamenishika huku na huku nisianguke. Nikalichukua, nikaliinua juu, nikalibusu, nikapiga vigelegele vya kusikika Kericho. Uwanja wote ukanyamaza. Mimi nikafikiri ni furaha. Nikageuka nimpatie kijana wangu." Akanionyesha kwa mikono alivyolinyoosha. "Akarudi nyuma, sista. Mtoto wangu mwenyewe akarudi nyuma."

Mtoano ulipoanza walifungwa mechi ya kwanza kabisa, na timu iliyokuwa ya mwisho. Wazazi wengine walimtazama yeye. Walipofika Laurel Kibet akamwambia kwa Kiingereza asije tena kwenye mechi zake. Miezi michache baadaye akaitwa na timu ya kaskazini huko karibu na mpaka wa Kanada, timu inayowapangisha wachezaji kwa familia za wenyeji. Akaenda. Mama akituma ujumbe wa maneno kumi, anarudishiwa picha ya dole gumba.

"Nimekuja nikuulize," akasema, akasogeza kiti. "Wewe unalishikanga kila siku. Niambie ukweli. Kuna kitu kiliwahi kukufanyikia?"

"Mgongo," nikamwambia. "Na huo niliutoa kwa wazee."

Hakucheka. Nikaenda nikalileta kombe, nilikuwa nimelimaliza juma hilo hilo, nikalizungusha mpaka jina la mwanawe, la mwaka uliotangulia, likamtazama: Kibet Rotich. Akainama. Alilisoma kwa midomo bila sauti. Na mikono yake, nawaambia niliiona, akaipeleka nyuma ya mgongo na kuikamatanisha.

"Shika basi, haliumi."

"Hapana."

"Ni jina la mwanao!"

"Nimeliona. Niko sawa hivi. Kijana ana mechi Ijumaa."

Mungu anisamehe, nilipandwa na hasira. Si juu yake. Niliikasirikia ile meza iliyowekwa katikati ya barafu na vijana wenye mikono nyuma na watu wazima waliowafundisha. Mtu kampokelea mwanawe zawadi kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa na mama yake, na kwa hilo akampoteza. Nikamwambia aje kila masika kombe likiingia. Nitampigia.

Na alikuja, miaka yote ile. Likifika tu nampigia, naye anapitia akitoka kazini na chupa ya chai na chapati zimefungwa kwenye foili. Tunakaa, tunakunywa, yeye anamtazama mwanawe kwenye mkanda. Hakugusa hata siku moja. Nilimbembeleza, nilimtania, siku moja nilimfokea. "Sekela," akaniambia, "mimi siamini hayo mambo, mimi ni mtu wa kanisa. Lakini kama siamini na mtoto akaumia?" Nikammiminia chai. Wenye watoto mnajua, na sisi tusio nao tunajua pia, msidhani.

Kibet aliumia vilevile, bila mtu kugusa chochote. Goti. Kabla ya hapo alikuwa amehama timu baada ya timu, na hakuna hata moja iliyoshinda kitu. Habari zilimfikia mama yake vipande vipande: mara anaendesha lile gari la kulainisha barafu, mara anafundisha watoto wadogo kuteleza. Alipouliza kama aende kumsalimia, alijibiwa kwamba kuna kazi nyingi. Mwaka mmoja, kabla ya goti, mama alipanda basi akaenda huko kaskazini bila kusema. Alikaa safu ya juu kabisa ya uwanja, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, glavu nene mikononi ili akijisahau na kupiga makofi yasisikike. Alimwona akicheza. Mechi ilipoisha akapanda basi akarudi. "Amekuwa mrefu," akaniambia. Nilimwuliza kwa nini hakumwita, akasema, "Aliniambia nisije." Siku hiyo chai ilipoa, hakuna aliyeinywa.

Katikati ya miaka hiyo ndipo mashine ya mwanga ilipoingia karakana. Mnaikumbuka, wengine ndiyo iliyowaleta. Vibao vyote vikaenda huko, na medali, na saa za wastaafu. Nikabaki na vitu vilivyopinda na vya zamani, na lile kombe, kwa sababu katibu alisema majina ya chini ni ya mkono na ya juu yawe ya mkono. Sikuwahi kumwambia alinifanyia nini kwa neno lile. Nilikuwa na sababu ya kunoa burini.

Masika haya yaliyopita, kombe liliingia mapema kuliko kawaida. Timu iliyoongoza kundi ilikuwa imeshajihakikishia nafasi, ligi ikataka jina lake liwepo kabla ya makabidhiano. Nilikuwa nimeshatoa taarifa kwamba naacha, macho yanachoka. Nikachonga jina la timu, timu ya huko Rockville, nikampigia Mama Kibet kama kawaida. Akasema anatoka kazini, yuko njiani.

Kabla hajafika akaingia mwanamume mmoja mrefu, amevaa koti la ile timu, anachechemea kidogo, mkononi ana blanketi. Akasema kwa Kiingereza kwamba amekuja kuchukua kombe. Nikamtazama paji la uso. Nimelitazama paji lile likiinamia kaunta yangu miaka mingi, siwezi kulikosea.

"Wewe ni Kibet," nikasema kwa Kiswahili.

Akashtuka. Alielewa, ila alijibu kwa Kiingereza, ndiyo, tumejuana wapi?

"Mama yako ni rafiki yangu. Anajua uko huku?"

Akatazama blanketi. Alisema amerudi tangu majani yalipoanza kuanguka, ni kocha msaidizi wa vijana wa Rockville. Alitaka kumpigia simu alipofika, hakupiga. Akasema kila juma lililopita, simu ilizidi kuwa nzito. Rockville na Laurel, jamani! Mtu anaweza kwenda na kurudi kabla maharage hayajaiva.

"Yuko njiani anakuja hapa," nikamwambia.

Niliona macho yake yanautafuta mlango. Akanyoosha blanketi ili alifunge kombe bila kuligusa, aondoke nalo. Nikaliweka kombe nyuma yangu. "Bado," nikasema. "Rangi haijakauka." Ninyi mnajua hakuna rangi inayobaki kwenye fedha iliyochongwa. Yeye hajui. Akakaa kwenye kiti cha wateja, magoti yamejaa chumba.

Mama Kibet akaingia na chupa ya chai kwapani. Akasimama. Kibet akasimama pia.

"Umekonda," mama yake akasema.

Basi. Miaka yote ile, na hilo ndilo lililotoka. Wakabaki wamesimama, kombe nimelirudisha kaunta katikati yao, huyu mikono nyuma na yule mikono nyuma. Nikashindwa kuvumilia.

"Hee! Nyinyi wawili mnasubiri kupigwa picha?"

Kibet akatoa simu mfukoni, akatafuta kitu kwa muda, akamgeuzia mama yake. Nikachungulia, bila aibu yoyote. Ilikuwa picha ya siku ile. Vijana wamezubaa, midomo wazi, na katikati yao mwanamke mwenye leso na viatu vyeupe ameliinua kombe juu ya kichwa chake, kinywa kimejaa vigelegele. Alisema vijana wenzake walitumiana ile picha wakicheka, naye alicheka nao, kisha akaitunza. Kila alikohama alihama nayo. Alikuwa anasema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayekariri kitu alichokiandaa mara nyingi garini. Akasema amecheza mpaka goti likaisha na hakuna timu yake hata moja iliyoshinda tena.

"Kombe nililopata ni hili tu," akasema. "Na mtu pekee aliyewahi kuninyanyulia kombe ni wewe."

Kisha akaliacha blanketi lianguke. Akalishika kombe kwa mikono mitupu, masikio yote mawili, akamnyooshea mama yake.

"Pokea," akasema. Hilo alilisema kwa Kiswahili.

Mama Kibet hakutoa mikono. "Na mtoano? Hao vijana wako wanaanza lini?"

"Jumamosi."

"Kibet, usiniletee mambo. Hao watoto wana mama zao."

"Pokea, mama."

Mikono yake ilikuja mbele taratibu, kama iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa. Akalipokea. Akalikumbatia kwanza kifuani, akalipapasa kitako akitafuta mkanda wa zamani, akalifikia jina, akapitisha kidole juu yake herufi kwa herufi. Ndipo akaliinua. Vigelegele vilikwama mwanzoni, vikatoka vimepasuka, halafu vikatoka kweli kweli. Wanjiru, wewe ulikuwa kwenye mashine, ulikimbia ukadhani kuna moto. Ndiyo sababu ulinikuta nalia na kitambaa cha kusugulia. Ulidhani ni kwa sababu ya kustaafu, nami nikakuacha udhani.

Nikaacha kazi juma lile. Jumamosi niliamka mapema, sina pa kwenda. Nikapika chai, nikafuta meza ambayo haikuwa na kitu, nikatamani harufu ya ile dawa ya kung'arishia fedha kama mjamzito anavyotamani udongo. Sikuwahi kujali hoki maishani mwangu. Siku hiyo nilikaa na simu mapajani kama mzazi wa mchezaji, nawaombea watoto nisiowajua, nawaombea mama zao wasije wakamtazama mtu.

Simu ikalia alasiri.

"Wamefungwa," Mama Kibet akasema.

"Mungu wangu. Pole."

"Wamefungwa vibaya, sista! Na timu hata haina kitu." Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Na Kibet yuko wapi?"

"Si yuko hapa kwangu? Amekuja na hasira zake, amevua viatu mlangoni, yuko mezani anakula. Hataki kuongea. Anakula tu."

Nikasikia kijiko kinagonga sahani. Mwanamke yule nikimpigia hunishika saa nzima, hunieleza alichoota, alichokula mgonjwa wake, mchungaji alichosema. Nikavuta kiti nikae vizuri nisikilize.

"Wacha nikuachie, Sekela," akasema. "Anataka kuongezewa."

Akakata simu.